Seva isiyotoa giza



Mwaka 2024 kila nyumba yenye mita ya LUKU, kuanzia Tukuyu mjini hadi Kiwira na Mwakaleli, ililazimika kufanya kazi ambayo tulizoea kuwaachia mafundi wa kompyuta. Mtu alinunua umeme, na badala ya kupata tarakimu 20 alizozizoea akaletewa makundi matatu ya tarakimu 20, jumla tarakimu 60. Makundi mawili ya kwanza hayakuwa na uniti hata moja. Yalikuwa ya kubadilisha hesabu iliyomo ndani ya mita yenyewe. Mita za aina hii, hapa kwetu na katika nchi nyingine nyingi, zilikuwa zikitambua kila tokeni kwa kuhesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu. Dakika hizo zilikuwa zinakwisha Novemba 24, 2024, na mita ambayo haikubadilishwa kufikia siku hiyo isingepokea tena umeme mpya. Bibi na babu walisomewa tarakimu na wajukuu, na aliyekosea namba alirudia mwanzo. Kazi ikafanyika, kwa sababu kila mwenye nyumba alijua kinachomngoja asipoifanya. Ni giza.

Ile ilikuwa ni kazi ya kusasisha programu, na familia zetu ziliifanya kwa mikono yao wenyewe. Lakini ilikuwa na mambo mawili yaliyoirahisisha, yaani tarehe iliyojulikana na adhabu iliyoonekana. Wiki hii twataka kuzungumzia mashine nyingine ambayo nayo inahitaji kusasishwa, tena mara kwa mara, lakini haina tarehe wala giza. Ni seva.

Neno hilo lisimtishe mtu. Katika zahanati, shule au ofisi ya chama cha kuweka na kukopa, seva mara nyingi ni kasha la kompyuta lililowekwa chini ya meza, na juu yake pamerundikwa mafaili. Ndimo yanamokaa majina ya wagonjwa na maradhi yao, hesabu ya dawa, alama na ada za wanafunzi, au hisa za wanachama. Kompyuta za mapokezi, maabara na dirisha la dawa zote huuliza kwayo. Seva ikiwa haijasasishwa kwa mwaka mzima huendelea kujibu vilevile kama jana. Hailii, haizimi taa, haitoi harufu. Mama aliyekwenda kliniki ya wajawazito hupata kadi yake kama kawaida, na mhasibu hufunga hesabu zake jioni kwa amani.

Kwa nini basi isasishwe? Programu huandikwa na binadamu, na kila programu kubwa ina kasoro ambazo hugunduliwa baada ya watu kuitumia. Mtengenezaji akigundua kasoro inayoweza kumpa mwizi njia ya kuingia, hutoa marekebisho. Hapo pana jambo ambalo wengi hawalifikirii: marekebisho yakitolewa, mwizi naye huyasoma, na kwa kuyasoma hujua mlango ulikuwa wapi. Siku ya kutangazwa dawa ndiyo siku ya kutangazwa ugonjwa. Tangu saa hiyo kuna mbio kati ya mwenye seva na mtu asiyemjua, na mwenye seva hata hajui kwamba mbio zimeanza.

Mfano uliobaki katika vitabu ni wa Ijumaa ya Mei 12, 2017. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea ulimwenguni kwa saa chache, kikafunga mafaili ya kompyuta na kudai fidia ya dola 300 kwa kila mashine. Polisi wa Ulaya walikadiria kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zisizopungua 150. Huko Uingereza, taasisi za afya za umma zisizopungua 80 kati ya 236 ziliathirika, miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kuwa zaidi ya 19,000 ikafutwa, na magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwenye hospitali nyingine. Kasoro iliyotumiwa na kirusi hicho ilikuwa katika Windows, na Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa marekebisho yake Machi 14 mwaka huohuo. Zilipita siku 59. Dawa ilikuwapo, tena bila malipo, na kompyuta nyingi zilizoanguka ni zile ambazo hakuna aliyekumbuka kuzinywesha.

Yaliwafika watu wenye idara nzima za mafundi. Sisi huku Rungwe, ambako zahanati nyingi humtegemea kijana mmoja ajaye mara moja kwa mwezi akitokea Mbeya, tutaitegemea kumbukumbu ya nani? Mkulima wa chai wa Katumba hajiulizi kila asubuhi kama leo ana hamu ya kuchuma. Mzunguko ukifika huchuma, mvua au jua, kwa kuwa majani yakikomaa kiwanda hakiyataki. Seva nayo ipangiwe mzunguko, na uzuri wake ni kwamba inaweza kuufuata yenyewe watu wakiwa wamelala.

Windows ina chombo cha kupangia kazi kwa saa na siku. Mifumo ya jamii ya Linux, ambayo seva nyingi ndogo huitumia kwa kuwa haina ada, ina programu ya zamani iitwayo cron, jina lenye asili ya neno la Kigiriki la wakati. Mwenye kuitumia huandika mstari mmoja wenye nafasi tano: dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya wiki, kisha amri ya kutekelezwa. Penye nyota maana yake ni yoyote ile. Kwa hiyo "0 2 * * *" ni kila siku saa mbili kamili ya kompyuta.

Ya kompyuta, tumesema, na hapa ndipo Mswahili anapojikwaa. Saa nane za usiku kwetu ni saa 2 kwa kompyuta, ambayo huhesabu kuanzia usiku wa manane hadi 23. Kijana akiambiwa na mganga mfawidhi, "Weka saa nane usiku," naye kwa haraka akaandika 8, seva itaanza kujisasisha na huenda kujizima na kujiwasha saa mbili asubuhi, wakati foleni ya akina mama na watoto imefika mlangoni. Kanuni ya kutoa sita au kuongeza sita tunaifundisha watoto darasani, lakini katika mstari wa cron hakuna mwalimu wa kusahihisha.

Pana mtego wa pili. Seva nyingi, hasa zile za kukodi zilizoko nje ya nchi, huwekwa zikifuata saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mtu akafanya hesabu yake vizuri, akataka saa kumi na moja alfajiri, akaandika 5. Seva isiyobadilishwa majira itaamka saa mbili asubuhi ya Tukuyu. Kabla ya kupanga kazi yoyote, seva na iulizwe kwanza: kwako sasa ni saa ngapi?

Na siku za wiki ndiyo burudani kabisa. Lugha yetu ina siku mbili zenye tano ndani yake. Jumatano inaitaja tano waziwazi kwa kuhesabu tangu Jumamosi, na Alhamisi inaitaja kwa Kiarabu kwa kuhesabu tangu Jumapili. Cron haifuati hata moja kati ya hizo. Kwake Jumapili ni 0, Jumatano ni 3, Alhamisi ni 4, na tano yake ni Ijumaa. Mwenye kupanga kazi nzito ya Alhamisi kwa kufuata maana ya jina ataiona ikifanyika Ijumaa. Tena sisi tukisema usiku wa Ijumaa twakusudia ule unaoingia Alhamisi jua likizama. Kompyuta haijui Magharibi, hugeuza siku saa sita za usiku. Kwa hiyo saa nne za usiku huo kwake bado ni Alhamisi, na saa nane za usiku uleule ni Ijumaa. Ushauri wetu ni kuandika majina ya siku kwa herufi tatu za Kiingereza, jambo ambalo cron huliruhusu, na kuachana na namba kabisa.

Tuje kwenye mvua. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na radi za masika zimewafundisha watu kuchomoa kila kitu ukutani. Ofisi nyingi huzima mashine jioni, nyingine kwa kuogopa radi na nyingine kwa kuhurumia uniti. Seva iliyozimwa saa kumi na moja jioni haiwezi kujisasisha saa nane usiku, na cron ya kawaida haina kadha: wakati ukipita umepita, inangoja kesho, na kesho nayo mashine imezimwa. Yaweza kupita miezi sita mstari umeandikwa barabara na haujatekelezwa hata siku moja. Dawa ipo. Katika Linux kuna programu ya anacron, na vipima muda vya mifumo ya kisasa vina kipengele cha kulipa kazi iliyokosekana mara mashine inapowashwa. Katika Windows ni kisanduku cha kuweka alama ya tiki, kinachosema kazi iendeshwe mapema iwezekanavyo ikiwa wakati wake ulipita. Hata hivyo, kazi inayolipwa asubuhi hulipwa wagonjwa wakiwa mlangoni. Penye uwezo wa kununua betri ya akiba na kizuia radi kizuri, ni bora seva iachwe inawaka na kompyuta nyingine zizimwe.

Wapo watakaotuuliza: je, mashine ikijibadilisha yenyewe usiku na ikaharibika? Swali hili lina haki yake, nalo lina Ijumaa yake. Julai 19, 2024, kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilituma kwa wateja wake sasisho dogo la programu ya ulinzi. Kwa saa zetu ilikuwa saa moja na dakika 9 asubuhi. Sasisho lilikuwa na kasoro, likaondolewa baada ya dakika 78, lakini kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuanguka. Ndege ziliahirishwa, benki na hospitali zikasimama, na mashine nyingi zilihitaji kufufuliwa moja moja kwa mkono. Zilizokuwa zimezimwa katika dakika hizo 78 zilisalimika, na bila shaka yupo mahali mlinzi aliyelala na kusahau kuwasha mashine akasifiwa kwa kazi hiyo.

Hata hivyo tukipima Ijumaa hizo mbili, mizani hailingani. Ya mwaka 2024 ilikuwa ajali ya sasisho lililotumwa kwa wote kwa mkupuo, na wenye mashine hawakuwa na uwezo wa kulichelewesha. Ya mwaka 2017 ilikuwa uzembe wa miezi miwili uliokutana na mwizi. Ajali ya sasisho bovu hukuacha na mashine iliyozima lakini taarifa zako bado ni zako. Kwa zahanati isiyo na fundi wa kudumu sisi twaona marekebisho ya usalama yawekwe yenyewe kila usiku bila kungoja ruhusa ya mtu. Kuhamia toleo jipya la mfumo mzima, au la programu ya wagonjwa yenyewe, hilo ni jambo jingine, lifanyike mchana wa siku ya mapumziko, fundi akiwa ameketi mbele ya mashine. Penye seva mbili, ile yenye kazi ndogo itangulie, nyingine ifuate baada ya siku mbili tatu. Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux unaotumika sana, umeshaifanya nusu ya kazi hii: ukisakinishwa kwa kawaida huchukua marekebisho ya usalama wenyewe kila siku, baina ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi ya saa iliyowekwa katika mashine. Anayeona wakati huo haumfai anaweza kuubadilisha, ila asiuzime.

Na kabla ya sasisho iwepo nakala ya akiba. Ikiwa marekebisho huingia saa nane, nakala ichukuliwe saa sita. Diski za nakala ziwe mbili, moja ikiwa imechomekwa na nyingine imefungiwa kabatini, zibadilishane kila Jumatatu, maana virusi vya kudai fidia hufunga kila diski vinayoikuta imechomekwa.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kuwasha upya. Kuna marekebisho, hasa ya kiini cha mfumo, ambayo hayaanzi kufanya kazi mpaka mashine izimwe na kuwashwa. Ubuntu kwa kawaida haijiwashi upya bila kuruhusiwa. Huacha alama ndani yake kwamba inahitaji kuwashwa, na alama hiyo haitazamwi na mtu. Tunaweza kuwa na seva iliyopokea kila sasisho kwa mwaka mzima na bado inaendesha kiini kilekile cha mwaka jana. Ni sawa na aliyenunua kufuli jipya akaliacha ndani ya mfuko wa duka. Ruhusa ya kujiwasha upya itolewe, kwa saa ambayo hakuna mama anayejifungua kwa kutegemea taarifa zilizomo, na kituo chenye wodi ya wazazi kiwe na daftari la karatasi la dakika hizo chache.

Mei 12, 2024, miaka saba kamili tangu siku ya WannaCry, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikaathirika vibaya. Usiku ule kazi iliyopangwa iliamka kwa wakati wake, ikabisha hodi kwenye maghala ya masasisho, isijibiwe, ikarudi kulala. Hakuna kosa lolote katika hilo. Kosa huja pale ambapo kazi hushindwa siku ya kwanza, ya kumi na ya mia, kwa sababu diski imejaa au anwani ya ghala imebadilika, na hakuna anayejua. Kila utekelezaji huandikwa na mashine katika kumbukumbu zake. Ateuliwe mtu mmoja, asiwe fundi hata, karani aweza, afundishwe kufungua kumbukumbu hizo kila Jumatatu asubuhi na kuandika katika daftari la kawaida tarehe ya sasisho la mwisho lililofaulu. Ni kazi ya dakika tano. Tarehe ikibaki ileile wiki mbili mfululizo, apige simu kwa fundi.

Fundi mwenyewe ni sehemu ya tatizo, na twalisema hili kwa mapenzi maana wengi wao ni watoto wetu. Kijana mwerevu wa Tukuyu hupanga seva ya zahanati kwa kujitolea, kisha anapata kazi Dar es Salaam, nayo nenosiri inaondoka naye kichwani. Kamati inabaki na mashine isiyoweza kuiamuru chochote. Nenosiri na maelezo ya kazi zote zilizopangwa, ipi na saa ngapi, yaandikwe, yatiwe katika bahasha iliyofungwa, yakae kwenye kabati lenye ufunguo kwa mwenyekiti.

Wenye kamati wasidhani hili ni hiari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na inamtaka anayezikusanya azilinde. Binti wa miaka 19 aliyepima damu yake katika zahanati ya mtaani hakumpa karani siri yake ili iishie kwa mtu wa nchi asiyoijua. Mzazi anaposajili mtoto shuleni, au mwanachama anapoweka akiba yake, ana haki ya kuuliza swali jepesi: seva yenu ilisasishwa lini mara ya mwisho? Ofisi yenye daftari la Jumatatu itamjibu papo hapo.

Imebaki hesabu ya umri. Mfumo ukifika mwisho wa kuhudumiwa na mtengenezaji, kazi ya usiku itaendelea kuamka saa nane na kurudi mikono mitupu, na kumbukumbu zitasema hakuna kipya, maneno yanayofanana kabisa na ya mashine iliyo salama. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025, na wenye kuendelea nayo wanapaswa kujisajili katika mpango wa nyongeza wa muda au kuhama. Ubuntu 22.04, ya Aprili 2022, ina miaka mitano ya huduma ya kawaida. Kamati inayoitumia ichukue kalenda ya ukutani ya mwaka 2027, ile yenye picha na nyakati za sala, na kuzungushia wino mwekundu mwezi wa Aprili, na mwezi wa Januari pia, ili fundi aitwe kabla ya masika.